SOMO: Kuchora korongo kwa maneno

Naulizwa lile lile inboksi kila mara: ndege anachorwaje kwa herufi za maneno badala ya mistari? Sasa naliweka hapa. Someni kabla ya kuuliza.

Mahitaji: karatasi ya manila, penseli, raba, wino mweusi, tete kavu.

1. Chonga tete: ncha bapa, iliyokatwa mshazari, yenye ufa mwembamba katikati wa kuteremsha wino.

2. Chora umbo kwa penseli, hafifu. Mimi nachora korongo taji wa kwenye bendera yetu.

3. Chagua maneno machache. Methali moja yatosha.

4. Gawa maneno kabla ya kugusa wino. Hapa ndipo wengi huharibu. Mtu anaanzia mdomoni, anajimwaga shingoni, akifika mkiani nafasi imeisha na maneno matatu yamebaki. Anayabana, ndege anakuwa gunia la mkaa. Andika sentensi nzima kwa penseli kwanza. L, k na h zipande kwenye taji. O, a na e zijaze kifua. Mkia wa y uwe mguu uliosimama, wa g uwe ule ulioinuliwa. Pakipwaya, vuta mkia wa herufi, usiongeze neno. Kimo cha herufi ndogo kiwe upana wa ncha mara nne au tano. Kupima herufi kwa nukta inayoachwa na ncha ya kalamu ni mambo ya Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki 940. ONYO: ukibadili kalamu katikati, vipimo vyote vimekufa.

5. Pitisha wino. Ukishakauka kabisa, futa penseli.

MASWALI

Mdau wa Mbale: Mkuu, bolpeni haifai?
Jibu: Soma hatua ya 1.
Mdau wa Mbale: Nimesoma. Tete sina.
Jibu: Uganda hii unakosa tete? Muombe jirani mwenye uzio.

Dada wa Arua: Shikamoo mwalimu. Kwa herufi za Kiarabu, lazima picha isomeke? Tughra, zile saini za kuchorwa za masultani wa Kiosmani, mbona ngumu?
Jibu: Marahaba dada, umeuliza la maana. Tughra ilibeba jina la sultani na la babake. Watu waliitambua tu kama muhuri. Wewe vuta viungo vya herufi utakavyo, ila chunga nukta. Nukta ya be (b, nukta yake iko chini) ikipanda juu, neno zima linasomeka kwa nuni (n).

Mdau wa Jinja: Wino wangu unadondoka matone.
Jibu: Tumbukiza nyuzi za hariri kichupani, kalamu iguse hizo. Waandishi wa khati, ule mwandiko wa sanaa wa Kiarabu, hufanya hivyo tangu zamani.
Mdau wa Jinja: Na wino wa kujitengenezea?
Jibu: Masizi ya taa, maji, na gundi ya mgunga. Ukiwa na ndugu Karamoja, mwagize gundi.