Kutoa kitabu chako cha hadithi Nairobi: kutoka faili hadi mkononi mwa msomaji

Nimemaliza juzi kumsaidia mwalimu mstaafu wa mtaa wa Umoja kutoa mkusanyiko wake wa hadithi fupi. Hadithi zilikuwa tayari na pesa kidogo zilikuwepo, lakini kati ya faili la kompyuta na kitabu chenye mgongo palikuwa na mambo ambayo hakuna aliyewahi kumweleza. Mwongozo huu ni wa mtu kama yeye: anaandika Kiswahili, hana shirika la uchapishaji nyuma yake, na anataka nakala mia moja hivi zisizomwaibisha mezani.

Kuandika kwenyewe sikugusi. Kama hujamaliza, maliza kwanza.

Hatua ya 1: Usome mswada kwa sauti

Si kimoyomoyo. Soma mbele ya mtu, hata kama ni mpwa wako anayesonga ugali. Pale ulimi wako unapokwama, msomaji naye atakwama. Pale msikilizaji anapochukua simu, hadithi imelegea. Tia alama kwa penseli uendelee; kurekebisha ni baadaye. Halafu mpe mhariri wa Kiswahili, na umlipe. Rafiki atakuambia tu kwamba ni tamu.

Hatua ya 2: Panga kurasa

Hapa ndipo watu hukesha. Chanzo cha karibu kila tatizo ni kimoja: kompyuta inadhani unaandika Kiingereza.

Mimi hutumia LibreOffice Writer. Ni ya bure, na inakuja na kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia (utaiona imeandikwa Tanzania, isikutie shaka). Chagua maandishi yote, ubadilishe lugha iwe Kiswahili, na mistari myekundu itapungua. Haitaisha. Neno kama "atakayewapelekea" litaendelea kupigiwa mstari kwa sababu hakuna kamusi inayoweza kuorodhesha viambishi vyetu vyote. Usibofye "badilisha zote" hata siku moja.

Weka ukubwa wa ukurasa kuwa A5, yaani milimita 148 kwa 210. Pambizo ya ndani iwe pana kuliko ya nje: milimita 20 au 22 ndani, 15 nje. Kitabu cha gundi hakifunguki hadi mwisho, na pambizo ikiwa nyembamba maneno ya ndani yatamezwa na mgongo. Herufi za ukubwa wa 11 zinatosha. Chagua fonti yenye vikia, yaani vijimkia kwenye ncha za herufi, aina ya magazeti na riwaya. Fonti za mapambo ziachie kadi za harusi.

Sasa ritifaa, ile alama ya ng'. Kama mswada wako umeandikwa nusu kwenye simu, nusu kwenye kompyuta, na vipande vingine vimetoka WhatsApp, basi ng'ombe wako wana pembe za kila namna: ritifaa iliyonyooka, iliyopinda kulia, iliyopinda kushoto, na ile ya kuinama inayokaa pembeni mwa kibodi. Kwenye skrini tofauti hazionekani. Kwenye karatasi zinaonekana zote. Tafuta kila "ng" katika faili zima, moja baada ya nyingine, na uweke alama ya aina moja. Inachosha, lakini ukiwa pale utakamata pia zile "ngambo" na "ngara" zilizopoteza ritifaa njiani. Kwa sababu hiyo hiyo, maneno ya wahusika yafungie kwa alama mbili za mtajo. Ukitumia alama moja moja, msomaji ataona ritifaa ya ng' adhani mhusika amenyamaza.

Kisha kukata maneno mwishoni mwa mstari. Zima ukataji wa moja kwa moja katika mipangilio ya aya, kwani mashine ikifuata kanuni za Kiingereza itakukatia "wanafun-zi". Ila ukishauzima, shida ya pili inajitokeza. Ukurasa wa A5 ni mwembamba na maneno yetu ni marefu, kwa hiyo mistari iliyonyooshwa pande zote mbili huacha mapengo meupe katikati, kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuacha upande wa kulia usinyooke. Inasomeka vizuri, lakini wanunuzi wengi wa huku wataona kitabu hakijakamilika. Ya pili, ambayo ndiyo naipenda, ni kunyoosha kote halafu kukata kwa mkono pale tu pengo linapoumiza jicho.

Kukata kwa mkono si kubonyeza kistari cha kawaida. Bonyeza Ctrl pamoja na kistari. Hiyo inaweka kistari laini, kinachoonekana tu neno likiangukia mwisho wa mstari, na kujificha mstari ukisogea. Ukiweka cha kawaida, siku utakayoongeza neno moja juu, utachapa "wana-funzi" katikati ya mstari na hutaliona hadi mnunuzi akuoneshe.

Kata baada ya vokali: wana-funzi, wanafu-nzi, zote sawa. Usitenganishe ny, ng', sh, ch, th, dh wala gh. Usiache herufi moja peke yake, hata kama ni silabi halali. "M-" mwishoni mwa mstari na "toto" chini yake haipendezi. Maneno ya mkopo kama "daftari" na "maktaba" yana silabi zinazoishia na konsonanti, hivyo daf-tari na mak-taba. "Labda" liache lilivyo, ni fupi.

Na kazi hii yote ifanywe mwisho kabisa, mhariri akishamaliza. Koma moja ikiongezwa ukurasa wa 12 inaweza kusogeza mistari hadi mwisho wa sura.

Mwisho wa hatua hii, hesabu kurasa. Mitambo mikubwa huchapa kurasa 16 kwenye karatasi moja kubwa kisha huikunja. Ukiwa na kurasa 164, jaza hadi 176 au punguza hadi 160. Mimi hupunguza. Kisha toa PDF, na mchapaji umpe hiyo PDF tu. Ukimpa faili la kuandikia, kompyuta yake isipokuwa na fonti yako, kurasa zote zitahama.

Hatua ya 3: ISBN na hakimiliki

ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa (KNLS). Ni tarakimu 13 zinazoanza na 978, kisha 9966 au 9914 ambazo ni za Kenya. Toleo la karatasi na la kielektroniki kila moja linahitaji yake. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, na kwa sheria yetu inadumu maisha yako na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, si lazima, ila cheti kinasaidia ukiibiwa kazi.

Hatua ya 4: Jalada na uchapaji

Upana wa mgongo: gawa kurasa kwa mbili upate karatasi, zidisha kwa unene wa karatasi. Ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1, kwa hiyo kurasa 160 ni milimita 8. Muulize mchapaji karatasi yake kabla hujamlipa mchoraji wa jalada. Rangi ya jalada ivuke ukingo kwa milimita 3 kila upande.

Vibanda vya uchapaji vimejaa River Road na vichochoro vyake. Mitambo mikubwa iko Industrial Area. Kwa nakala mia moja, chapa kwa mashine ya kidijitali, hata kama bei ya kila nakala iko juu. Nakala elfu moja chini ya kitanda si akiba. Dai nakala moja ya mfano, uifungue katikati kwa nguvu na usikilize gundi. Ikilia, rudisha.

Hatua ya 5: Bei na maduka

Tuseme kuchapa kulikugharimu shilingi 250 kwa nakala na umeweka bei ya 700. Duka likichukua asilimia 35, hiyo ni 245. Unabaki na 455, toa 250, mkononi ni 205. Ukiweka 500 kwa kuogopa wateja, utabaki na 75, na nauli bado.

Duka la vitabu la Nuria hupokea vitabu vya waandishi wanaojichapishia, na Text Book Centre inafaa kujaribiwa. Kawaida duka hulipa baada ya kuuza. Kwa hiyo acha nakala kumi, si hamsini, na uondoke na karatasi iliyotiwa sahihi yenye idadi na tarehe. Wanaoagiza kutoka nje ya Nairobi uwatumie kwa matatu kutoka Accra Road, wakishalipa kwa M-Pesa.

Hatua ya 6: Kunadi

Picha ya jalada kwenye WhatsApp haiuzi kitu. Rekodi sauti yako ukisoma dakika mbili, ukatie pale mhusika anaposhika kitasa cha mlango. Waombe walimu wa Kiswahili wakuite mapema kwa ajili ya tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, kwa sababu wiki hiyo wanatafuta wageni. Mwezi Septemba yako maonyesho ya vitabu Sarit Centre. Meza ni ghali kwa mtu mmoja, basi gawaneni waandishi wanne.

Ukisomea watu, andika maswali wanayouliza na ukurasa ulioyaibua. Swali likirudi kutoka kwa watu wasiofahamiana, hadithi ina tundu hapo. Lizibe katika chapa ya pili, kisha upitie tena vistari laini vya sura hiyo kabla ya kutoa PDF mpya.