Kutoka Chumba cha Habari hadi Kipindi cha Maoni: Mwongozo kwa Ripota Mhafidhina

Ripota wa Nakuru, Kisumu, Bungoma au Kakamega anayetaka kuendesha kipindi cha redio chenye msimamo wa kihafidhina anahamia kazi nyingine kabisa, hata kama studio ni ile ile. Katika habari, mhariri humzuia kusema anachofikiri. Katika kipindi cha maoni, msikilizaji amefungulia redio ili akisikie hicho hasa. Asichopaswa kukiacha nyuma ni mazoea ya kuthibitisha jambo kabla ya kulitamka, kwa sababu ndiyo yatakayomtofautisha na mpiga kelele yeyote aliyepewa maikrofoni.

Vipindi vya namna hii vilishamiri Marekani. Mwaka 1987 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ilifuta kanuni ya 1949 iliyovitaka vituo viyape nafasi maoni yanayopingana juu ya masuala yenye utata, na mwaka uliofuata mtangazaji mhafidhina Rush Limbaugh akaanza kipindi chake cha kitaifa, alichokiendesha hadi karibu na kifo chake Februari 2021. Wasikilize watangazaji hao ili ujifunze jinsi mtu mmoja anavyoweza kuijenga hoja kwa saa nzima bila kumchosha msikilizaji, lakini usiwaige katika yote, kwa kuwa sheria za Kenya ni nyingine na majeraha yetu ni mengine.

Kabla ya kumwendea meneja wa vipindi, andika kwenye karatasi mambo unayotaka yahifadhiwe, na sababu ya kila moja. Huenda ni familia, ambayo Kifungu cha 45 cha Katiba ya 2010 kinaitambua kuwa msingi wa jamii. Huenda ni sauti ya mzazi katika malezi na masomo ya mtoto, heshima kwa dini, haki ya mtu kumiliki ardhi yake, au matumizi ya kubana ya fedha za kaunti. Usiorodheshe jina la chama wala la mwanasiasa. Vyama vyetu huundwa na kuvunjwa kila uchaguzi, na msikilizaji mhafidhina utampata katika vyote. Ukijifunga kwa kiongozi mmoja, siku atakapobadili msimamo utalazimika kumfuata au kunyamaza.

Maandalizi ndiyo sehemu kubwa ya kazi, na hapa ripota ana faida ambayo watangazaji wengi hawana. Tuseme unataka kutetea ukodishaji wa viwanda vya sukari vya umma, kama Nzoia na Chemelil, ambavyo serikali ilivikabidhi kwa kampuni binafsi mwaka 2025. Usianze na hasira wala sifa. Mpigie mkulima anayedai malipo ya miwa, zungumza na mfanyakazi wa kiwanda anayehofia kazi yake, soma ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu kiwanda husika, na pale ofisi ya umma inapokuficha waraka, kumbuka kwamba Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Hewani, eleza kwanza yaliyothibitishwa, pamoja na yale yanayoidhoofisha hoja yako. Kisha sema waziwazi kwamba sasa unatoa maoni yako. Msikilizaji asiyekubaliana nawe atakuvumilia kwa muda mrefu zaidi akijua hukumfichi kitu.

Simu za wasikilizaji zinahitaji uangalifu kuliko jambo lingine lolote. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, ambamo Nakuru na Kisumu ziliumia vibaya, mtangazaji Joshua arap Sang alifikishwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Majaji waliifikisha kesi hiyo kikomo tarehe 5 Aprili 2016 bila kumpata na hatia, lakini miaka iliyopita katikati yapasa kumkumbusha kila mtangazaji uzito wa maneno ya redio. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa matamshi ya chuki za kikabila, na si lazima uwe umekusudia. Yatosha kwamba chuki ilielekea kuchochewa. Kituo nacho kinaweza kutozwa faini kwa kurusha maneno hayo. Kwa hiyo omba kituo kiweke mtambo unaochelewesha sauti kwa sekunde chache, muweke produsa azungumze na kila mpigaji kabla hajaingia hewani, na mpigaji akianza kutaja kabila kwa dharau, kata simu, kisha ueleze ni kwa nini umeikata. Kunyamaza baada ya hapo huonekana kama kukubali. Mpigaji mwenye hoja kali lakini safi mwache amalize. Mwite mzee au mama inavyostahili, hata unapompinga.

Kuhusu lugha, ningechagua Kiswahili kuliko lugha ya mama. Mji kama Nakuru una watu wa jamii nyingi, na mhafidhina anayesema na jamii moja tu hushawishika upesi kugeuza utetezi wa mila kuwa utetezi wa kabila.

Mpelekee meneja rekodi ya kipindi kizima cha mfano, si maelezo ya wazo, na uombe kwanza saa moja ya mwisho wa wiki. Endelea kuwa na kibali cha Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya, ambacho huhuishwa kila mwaka. Kumbuka pia kwamba kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku watoto huhesabiwa kuwa miongoni mwa wasikilizaji, hivyo mada za ndoa na maadili zichagulie maneno. Usipokee bahasha ya mwanasiasa, hata ikiitwa nauli. Mara kipindi kitakapoanza, omba uondolewe kwenye zamu za kuripoti na kusoma taarifa, hasa za siasa, kwa sababu msikilizaji aliyekusikia asubuhi ukimkosoa gavana hana sababu ya kuiamini taarifa yako ya jioni kuhusu gavana yule yule.