Kabla ya Kumwona Daktari kwa Kichwa Kisichokoma: Mambo ya Kuzingatia

Mtu aliyeumwa na kichwa kwa miezi, akapimwa malaria, akapimwa taifodi, akabadilisha miwani na bado hajaambiwa ana nini, humwendea daktari mwingine akitarajia kwamba safari hii kitapatikana kipimo kitakachomwonyesha ugonjwa wake kwenye karatasi. Ana haki ya kutarajia hivyo, lakini ni vyema ajue mapema kwamba aina nyingi za maumivu sugu ya kichwa hazionekani kwenye damu wala kwenye picha za ndani ya kichwa. Kipandauso, kwa mfano, hakina kipimo cha maabara. Daktari hukitambua kwa masimulizi ya mgonjwa, kisha humkagua ili kuhakikisha kwamba hakuna jambo jingine lililojificha. Kwa hiyo masimulizi ndiyo kipimo chenyewe, na katika kliniki zetu za Mombasa, ambako foleni huanza mapema na dakika za kukaa mbele ya daktari ni chache, masimulizi hayo hayafai kutungwa pale kitini. Yaandaliwe nyumbani, katika daftari, kwa wiki kadhaa.

Wako, hata hivyo, wasiotakiwa kujiandaa bali kukimbizwa. Kichwa kinacholipuka ghafla na kufikia ukali wake wote ndani ya dakika moja, kichwa chenye homa na shingo iliyokakamaa, kichwa kinachofuatana na mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kukorogeka, kuchanganyikiwa au degedege, na kile kinachozidi baada ya mtu kuanguka kutoka kwenye bodaboda, vyote ni vya chumba cha dharura saa hiyohiyo, katika hospitali yoyote iliyo karibu. Mama mjamzito aliyepita wiki 20, au aliyejifungua karibuni, akipata kichwa kikali, hasa kikiwa na vimulimuli machoni au maumivu chini ya mbavu, apimwe presha siku hiyohiyo, kwa kuwa kifafa cha mimba huanza hivyo. Anayeishi na virusi vya Ukimwi na ambaye kinga yake imeshuka au ameacha dawa, asikidharau kichwa kinachozidi siku baada ya siku, kwani homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu huweza kuja polepole bila shingo kukakamaa. Mwenye zaidi ya miaka 50 ambaye hakuwa na historia ya kichwa, aliyewahi kutibiwa saratani, na yule ambaye kichwa humwamsha alfajiri pamoja na kutapika au huzidi anapokohoa na kuinama, hao nao wasikae mwezi mzima wakijaza daftari; waende ndani ya siku chache.

Kwa waliobaki, jambo la kwanza ni daftari. Haihitajiki programu ya simu wala jedwali la kuchora kwa rula. Daftari la shule latosha, alimradi lijazwe kila siku kwa angalau wiki nne, na ikiwezekana wiki nane, zikiwemo siku ambazo kichwa hakikuuma. Siku hizo za nafuu huachwa na wengi, ilhali daktari huzihitaji sana, kwa sababu kichwa huitwa sugu kinapouma siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, na hesabu hiyo haiwezi kufanywa kwa kukisia. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi: «Jumanne. Kimeanza saa nane mchana, baada ya kutoka Marikiti juani. Upande wa kulia, juu ya jicho. Kinagonga. Nikipanda ngazi kinazidi. Nimetapika mara moja, sauti ya redio imenikera. Ukali 8 kati ya 10. Panadoli mbili saa tisa. Nimelala gizani, kimetulia saa mbili usiku. Jana nililala kwa muda wa saa nne tu. Hedhi inatarajiwa Alhamisi.» Mistari hiyo michache humwambia daktari mambo ambayo neno «kichwa kinaniuma sana» haliwezi kumwambia hata likirudiwa mara kumi.

Kutokana na mistari kama hiyo daktari huanza kutenganisha. Maumivu ya upande mmoja yanayogonga, yanayozidi mtu akitembea, yenye kichefuchefu na kuchukizwa na mwanga au kelele, na yanayodumu kati ya saa 4 na 72 yasipotibiwa, huelekeza kwenye kipandauso. Na baadhi ya watu hutanguliwa na miale au mistari ya kumetameta machoni kabla kichwa chenyewe hakijaanza. Maumivu ya pande zote mbili, ya kubana kana kwamba mtu amefungwa kilemba kwa nguvu, yasiyomzuia kuendelea na kazi zake, huelekeza kwenye kichwa cha mkazo. Yako pia maumivu makali mno ya kuzunguka jicho moja, yanayodumu dakika 15 hadi saa 3, jicho likilia na pua kuziba upande huohuo, huku mgonjwa akishindwa kutulia na kuzungukazunguka chumbani. Haya si ya kawaida, lakini anayeyapata asiache kusema jinsi anavyohangaika, kwa sababu mwenye kipandauso hutaka kulala kimya na huyu hawezi.

Suala la dawa ninaomba lisomwe polepole, kwa kuwa ndiko watu wengi wanakoumizwa bila kujua. Pita kwenye duka la dawa la mtaani jioni yoyote, Kongowea au Majengo, na utamsikia mtu mzima akisema, «Mwanangu, nikatie mbili za kichwa,» na kijana akakata vidonge viwili kutoka kwenye ukanda kwa mkasi, akavitia ndani ya kibahasha kisichoandikwa jina. Kesho hali ni hiyohiyo, na kesho kutwa. Anayekunywa dawa za maumivu za kawaida, kama vile parasetamoli au ibuprofeni, siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata kichwa kinacholetwa na dawa zenyewe. Na kwa zile zenye mchanganyiko, kwa mfano parasetamoli, aspirini na kafeini pamoja, au zenye kodeini, kiwango hicho ni siku 10 tu kwa mwezi. Ubongo huzoea, dawa ikiisha nguvu kichwa hurudi, mtu humeza nyingine, na mzunguko hujifunga. Mgonjwa wa namna hii si mlevi wala si mzembe. Alikuwa akitafuta nafuu kwa njia iliyokuwa karibu naye. Lakini daktari asipojua idadi ya vidonge atamwongezea dawa juu ya dawa.

Kwa hiyo weka katika mfuko mmoja kila unachomeza, ukiwa na pakiti zake: dawa za kichwa, za presha, za kupanga uzazi, za vidonda vya tumbo, za mitishamba, na vile vidonge visivyo na jina. Baadhi ya dawa za presha, nifedipini ikiwemo, huleta kichwa kama athari yake. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye istrojeni humwongezea hatari ya kiharusi mwanamke mwenye kipandauso kinachotanguliwa na miale ya machoni, na yafaa alitaje hilo hata asipoulizwa. Usiache dawa yoyote uliyoandikiwa kabla ya kuonana na daktari. Hata zile za maumivu, unapoziacha baada ya kuzitumia kwa muda mrefu, kichwa huzidi kwa siku kadhaa kabla ya kupungua, na mwenye kuzoea kodeini au tramadoli huhitaji kupunguziwa taratibu chini ya uangalizi.

Yako mambo ya mji wetu na nyumba zetu ambayo daktari huenda asiyaulize. Kahawa tungu ni mojawapo: aliyezoea vikombe kadhaa kila jioni akikosa hupata kichwa, na ndiyo sababu siku za mwanzo za Ramadhani huwa nzito kwa wengi, pamoja na upungufu wa maji na kubadilika kwa saa za kulala. Kupunguza kahawa kidogo kidogo katika wiki za Shaabani husaidia. Muguka na miraa huondoa usingizi na njaa, na yote mawili huamsha kichwa. Andika ukweli, kwani daktari si askari. Joto la kaskazi, kati ya Desemba na Machi, huwaumiza wanaofanya kazi juani bila kunywa maji ya kutosha. Marashi makali na moshi wa udi huweza kumwamsha mwenye kipandauso maumivu yake, jambo ambalo katika nyumba zetu huwa gumu kulisema mbele ya wageni. Nalo jiko la makaa lililowashwa ndani, madirisha yakiwa yamefungwa, hutoa hewa yenye sumu isiyonuka. Ikiwa watu wawili watatu wa nyumba moja huumwa na kichwa kwa wakati mmoja, na wote hupata nafuu wakitoka nje, toeni jiko nje leo, na mkamwambie daktari.

Andika pia yaliyokwisha kufanyika. Malaria ni ugonjwa wa siku chache wenye homa; kichwa cha miezi sita kisicho na homa hakitibiwi kwa kurudia dozi ya malaria kila mwezi bila kupimwa. Taifodi nayo hutajwa mno, mara nyingi kwa kipimo cha damu kiitwacho Widali, ambacho si cha kutegemewa kikiwa peke yake. Wengi walioambiwa wana sainasi, kwa kuwa maumivu yako kwenye paji la uso na pua hutiririka, huwa na kipandauso. Presha, tofauti na inavyoaminiwa, kwa kawaida haileti kichwa mpaka ipande sana, kama 180 kwa 120. Hata hivyo ipimwe siku kadhaa, ukiwa umekaa kimya dakika tano, na namba zote ziandikwe. Waulize mama na shangazi zako kama nao waliumwa na kichwa ujanani, maana kipandauso hufuata ukoo. Macho yakififia kwa sekunde chache unapoinama, au ukisikia mvumo sikioni unaokwenda na mapigo ya moyo, usisahau kulisema. Hapo daktari hutakiwa kuangalia ndani ya jicho, sehemu yake ya nyuma, na kuchelewa kunaweza kupunguza uwezo wa kuona.

Wengi watakuwa wameshakwenda kusomewa, wamekunywa kombe, au wamefanya hijama. Hili lisifichwe, wala asikubali mtu kudhihakiwa kwa ajili yake. Dua haigombani na matibabu. Kinachohitaji kutajwa ni kilichoingia mwilini: dawa ya kunywa au ya kufukiza, na kama chale au hijama zilifanywa kwa wembe uliotumiwa na watu wengine.

Kuhusu safari yenyewe, hakikisha usajili wako wa SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, uko hai na michango imelipwa kabla ya siku ya kwenda. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ili upate barua ya rufaa. Beba vyeti na picha zote za zamani. Picha iliyopigwa mwaka jana ikionekana, huenda usihitaji kuilipia tena. Fuatana na mtu aliyewahi kukuona kichwa kikiwa kimekushika, kwa kuwa ataeleza uliyoyasahau, na mama anayeona haya kutaja hedhi au usingizi mbele ya kijana wa kiume aombe waziwazi kuonana na daktari wa kike.

Picha ya kichwa si lazima kwa kila mtu. Ukaguzi ukiwa wa kawaida na masimulizi yakilingana na kipandauso, picha mara nyingi haiongezi kitu, na fedha za picha ni nyingi kwa familia nyingi hapa. Muulize daktari anatafuta nini kwa picha hiyo na atafanya nini jibu likitoka. Ikiwa safi, maana yake ni kwamba hakuna uvimbe wala damu iliyoonekana, na hiyo ni habari njema. Haimaanishi kwamba maumivu ni ya kujitungia. Anayeambiwa «huna kitu» aulize kwa heshima, «Daktari, basi kichwa changu kinaitwaje?» na asiondoke bila jina, hata likiwa la muda, bila kujua ni siku ngapi kwa wiki anaruhusiwa kumeza dawa ya maumivu, na bila tarehe ya kurudi.

Huenda akaandikiwa dawa ya kuzuia, inayomezwa kila siku hata kichwa kisipouma. Amitriptilini kwa kiwango kidogo ni mojawapo, na kwa bahati mbaya watu huitupa baada ya kuambiwa mtaani kwamba ni dawa ya wazimu. Ilianza kwa wenye huzuni kubwa, ni kweli, lakini kwa kiwango hicho kidogo hutumiwa kuzuia maumivu. Propranololi ni nyingine, na mwenye pumu lazima aseme kabla ya kuandikiwa. Mwenye mimba au anayeitarajia naye aseme, kwa kuwa valproeti, dawa nyingine ya kuzuia, humdhuru mtoto tumboni. Dawa hizi hazihukumiwi kwa wiki moja. Hupewa wiki 8 hadi 12 katika kiwango kinachofaa, na daftari huendelea kujazwa muda wote huo. Kichwa kilichokuwa kikiuma siku 20 kwa mwezi kikishuka hadi siku 9, dawa inafanya kazi, ingawa mgonjwa bado anaumwa. Kisiposhuka, rudi na daftari lilelile, majina ya dawa, viwango na tarehe za kuanza na kuacha vikiwa vimeandikwa, na uombe rufaa kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu.