Somo: Usile chenga ya rapia

Wadau habari, leo tuongelee chenga. Mi nilipoanza rapia (ule upanga mrefu mwembamba wa kuchomea) nilikuwa nakula chenga kama beki wa mchangani, jamaa akitikisa tu ncha kulia na mi nahamia kulia na upanga wote, afu nasikia ko! kwenye maski kutokea kushoto. Nikadhani shida ni macho kumbe ni umbali.

Hatua ya 1. Usijiulize "hii chenga au kweli", jiulize "ikinyooka sasa hivi inanifikia?" Kama mpaka apige hatua ndo akuguse na mguu wake wa mbele bado uko chini, muache acheze. Mwalimu wa upanga wa Kiitaliano, Capo Ferro, aliliandika hili mwaka 1610, na chenga alikuwa hazikubali kabisa: ikifanywa mbali usihangaike nayo, ikifanywa karibu mchome wakati huohuo anapoifanya.

Hatua ya 2. Yuko karibu. Hapa ndo watu wanakufa wawili wawili, mtu anachoma tu bila kujikinga. Choma huku bapa lako (chuma chenyewe cha upanga), sehemu ya karibu na mpini, limeukalia upanga wake kule kwenye ncha, kule hana nguvu. Ukifanya hivo hata kama haikuwa chenga, alikuwa anakuja kweli, umeshamziba, kwa hiyo kujua ni ipi wala sio ishu kiivo.

Hatua ya 3. Umeshaila, inatokea. Umeziba ndani (upande wa mkono wako unaoelekea kifuani), kapitisha ncha chini ya mkono wako anakuja kwa nje (upande wa pili wa mkono). Usiukimbize mkono huko! Kiganja kilikuwa kinaangalia juu, kigeuze kiangalie chini, ncha yako ibaki kifuani kwake, mkono uhame vidole vitatu hivi basi, na urudi nyuma nusu hatua. Bapa linapita mita 1 na upanga wote ni kilo 1 na ushee, ukishaupeperusha pembeni kuurudisha sio leo.

Zoezi: mwenzio aje mara 10, achanganye kweli na chenga, asikwambie. Ukihamisha mkono wakati hakufikii, umepoteza pointi. Maski na jaketi lazima, ncha iwe na mpira.

MASWALI

Swali: Mi ni mashoto, nageuza kila kitu?
Jibu: Hapana. Ndani kiganja juu, nje kiganja chini, vilevile.

Swali: Macho niweke wapi?
Jibu: Mkono wake ulioshika mpini, na goti la mbele kwa mbali. Ncha inadanganya, goti mara chache sana.

Swali: Akipiga chenga mbili mfululizo?
Jibu: Sasa wewe unasubiri ya pili ya nini? Kama ya kwanza kaifanyia karibu, mchome hapo hapo.

Swali: Mkuu, mkono usio na upanga naruhusiwa kusukumia upanga wake?
Jibu: Ruksa, hata wazee wa zamani walifanya, ila uwe na glavu na uuweke karibu na uso. Ukiunyoosha kuufata upanga, anakupiga chenga ya huo mkono.