Gauni la arobaini kutoka kanga moja

Mpwa wangu wa Toangoma alinipigia simu siku ya kumi na nane baada ya kujifungua. "Shangazi, nishonee gauni la mtoto la arobaini." Nikamwambia nitashona, lakini wakati nashona nitaandika kila kitu, maana wifi zake wawili nao wana mimba na mimi cherehani yangu ni moja. Haya ndiyo niliyoandika.

Kwanza, usinunue kitambaa cha kung'aa. Najua madukani Kariakoo kuna magauni ya mtoto yenye neti tabaka tano na maua ya plastiki kifuani, na kwenye picha yanapendeza. Mtoto wa siku arobaini atakaa kwenye shughuli kuanzia asubuhi mpaka pilau iishe, apokezane mikono ya wanawake thelathini, na joto la Dar unalijua. Neti inamkwaruza shingo, analia, anavuliwa, anabaki na nepi. Kanga ya pamba ni nyepesi, inanyonya jasho, inafulika. Bibi yangu alitushonea sisi sote kanga, na mama alikuwa na kanga za Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo, alizozitunza sandukuni mpaka zikawa laini kama shashi. Kanga kuukuu ya namna hiyo ukiipata kwa mama mkwe ni bora kuliko mpya. Kwa arobaini watu wanataka mpya, sawa, nunua mpya.

Nenda Mtaa wa Uhuru, chukua doti moja. Upande mmoja utakata gauni na kofia, upande wa pili usiuguse kabisa: utakuwa mbeleko. Mtoto akianza kubebwa mgongoni, gauni na mbeleko ni sare. Muuzaji atakwambia zote ni pamba. Chomoa nyuzi mbili ukingoni, ukifika nyumbani ziwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini; ukiona imeyeyuka ikaganda kijidonge kigumu, humo mna plastiki, ifanye pazia.

Kabla ya kukata, fua. Kanga mpya ina wanga na rangi ya ziada, na ikilowa mara ya kwanza hurudi kidogo. Mimi huloweka usiku mmoja, kisha nasuuza mpaka maji yatoke meupe, hata kama ni mara sita. Wengine hutia chumvi. Nimejaribu, sikuona tofauti. Ninachokiamini ni maji mengi. Kama ni masika anza mapema, kanga inaweza kukaa kambani siku mbili ikinukia unyevu. Ikikauka, ipige pasi ya moto mpaka inyooke, upime vizuri.

Sasa jambo lenyewe. Fundi aliyezoea kushonea watu wazima hupima kifua, na kwa mtoto mchanga hapo ndipo anapokosea. Mtoto wa umri huu kichwa chake kinalingana na kifua, kila kimoja kama sentimita 38 hivi, na shingo haijakaza. Ukimshonea gauni la kupitishia kichwani, lazima tundu la shingo liwe kubwa mpaka mabega yaanguke, au liwe dogo na kichwa kisukumwe. Nimeshuhudia kina mama wanne wanamvisha mtoto mmoja, na mtoto keshakuwa mwekundu kwa kilio. Kwa hiyo gauni hili linafunguka mbele lote, toka shingoni mpaka chini. Unalitandika kitandani, unamlaza juu yake, unaingiza mkono mmoja, halafu wa pili, unafunga. Hata akiwa amelala haamki.

Chora kwanza kwenye gazeti. Sehemu ya juu, yaani kifua na mikono kwa pamoja, ni mstatili mmoja wa sentimita 46 kwa 34. Ukunje katikati ili upate 46 kwa 17. Mkunjo ndio mabega, hapana mshono pale. Katikati ya mkunjo weka alama ya shingo: upana 11, nyuma uchimbe 1.5 tu, mbele uchimbe 5, uzungushe kwa mkono kama unachora kisahani. Kisha mikono: kutoka mkunjo shuka sentimita 11, hapo ndipo kwapa. Kata kona iliyobaki chini ya kwapa kila upande, upana 9 na urefu 6, lakini kona ya kwapa iviringe kidogo, usiiache kali. Kiwiliwili kitabaki na upana wa 28. Ukitoa nafasi ya kushonea ya sentimita moja na nusu kila ubavu, unapata 25 mbele na 25 nyuma, kwa hiyo mtoto ana nafasi ya kupumua. Mwishoni, upande wa mbele peke yake, pasua katikati toka shingoni mpaka chini.

Hizo nafasi za kushonea nimeshazihesabu humo ndani, usiongeze tena. Mpwa wangu aliongeza, gauni likamtosha mtoto wa miezi minane.

Kanga haikatwi kama kitenge. Kitenge unakata popote, mapambo yanajirudia. Kanga ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina. Ukikata bila kufikiri unaharibu. Tandaza kanga sakafuni, jina likusomeke likiwa chini. Pindo la juu, upande ule mrefu usio na jina, ndilo litakuwa upindo wa sketi. Na ukilitazama vizuri ukingo wake umefumwa kiwandani, haufumuki, kwa hiyo sketi yako haihitaji kukungwa chini. Hiyo ni nusu saa umeokoa. Pande fupi zimekatwa na mkasi, zile ndizo zinazofumuka.

Kutoka pindo hilo la juu kata kipande cha sentimita 103 kwa 31, ukikwepa kona mbili ambako pindo linageuka. Hiyo ni sketi. Chini yake, kwenye mji, weka gazeti lako la 46 kwa 34 ili ua kubwa likae mgongoni, kwa sababu mbele patapasuliwa na mtoto atabebwa akiwa kifuani kwa mtu: wanaomwona humwona mgongo. Pembeni yake kata kipande cha kofia cha 43 kwa 18. Utakata pia utepe wa 8 kwa 18, na utepe mmoja wa mshazari, yaani uliokatwa kwa ulalo, si kufuata nyuzi, wenye upana wa sentimita 3 na urefu wa 35. Ule wa shingo lazima uwe mshazari. Ukikata ulionyooka utakunjamana kwenye mviringo na hutaweza kuulainisha kwa pasi yoyote.

Kanga zenyewe hazilingani, nyingine fupi. Pima yako kabla hujashika mkasi.

Na jina liache palepale chini. Zamani nilimshonea mtoto wa mdogo wangu, nikaona pindo la chini limekaa vizuri zaidi, nikakatia sketi huko. Kanga ilikuwa HASIDI HANA SABABU. Sketi ilipovutwa na kugawanyika mbele, HANA SABABU ikaingia kwenye mikunjo mgongoni, na mbele, tumboni kwa mtoto, likabaki neno moja kubwa jeusi: HASIDI. Mimi sikuona, nilikuwa natazama mishono. Aliyeona ni mama mkwe wa mdogo wangu, akavaa miwani, akasoma kwa sauti mbele ya watu, kisha akauliza, "Anaambiwa nani?" Mpaka leo wifi yake mmoja anaamini aliambiwa yeye.

Kushona. Weka sindano namba 11, ile 14 ya jinzi inaacha matundu kwenye kanga. Mimi nina Butterfly ya miguu, umeme ukikatika naendelea. Fuata mpangilio huu, maana ukiruka utajikuta unashona ndani ya mkono mwembamba kama chupa ya soda.

Anza na mpasuko wa mbele. Upande mmoja ukunje kidogo mara mbili, ushone. Upande mwingine unganisha ule utepe wa 8, ukunje katikati, ushone, uwe kama ulimi wa sentimita 3 unaopita chini ya upande wa pili. Bila ulimi huo tumbo litachungulia. Kisha shingo: zungusha utepe wa mshazari uso kwa uso, shona, pindua ndani, malizia kwa mkono. Kwa mkono, tafadhali. Mshono wa cherehani shingoni mwa mtoto mchanga ni mgumu kama waya. Kisha kunga midomo ya mikono wakati nguo bado imelala bapa, ndipo ushone mbavu, kutoka mdomo wa mkono mpaka kwapani mpaka chini. Kwapani chanja mara tatu kwa ncha ya mkasi, usifike kwenye mshono, la sivyo patavutana.

Ukingo wa ndani wa mbavu unaweza kupeleka kwa mwenye ovaloki, ile mashine ya kuzuia ukingo usifumuke, mtaani hawakosekani. Mwombe atumie uzi laini. Uzi wa nailoni unachoma. Bibi alikuwa na dawa yake: siku za kawaida alimvisha mtoto nguo ikiwa kinyume, mishono nje. Wageni walicheka, mtoto alilala.

Sketi: kunja pande zote mbili fupi sentimita moja na nusu, shona. Juu piga mistari miwili ya mshono mrefu kuliko yote cherehani inayoweza, umbali wa nusu sentimita, uache mikia ya uzi. Shika nyuzi za bobini za mistari yote miwili pamoja, vuta taratibu kutoka kila upande, sketi itajikusanya. Mistari miwili, si mmoja. Mmoja ukikatika umeanza upya. Weka alama ya katikati ya sketi ikutane na katikati ya mgongo, gawanya mikunjo, piga bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya muda, kisha shona. Wanaoogopa marinda ni wale wanaoruka bandi.

Vifungo sitii. Kifungo kikichomoka kinaishia mdomoni, na mtoto anakua ndani ya nguo hiyo mpaka siku anapojua kushika na kuvuta. Tengeneza kamba nne za kitambaa kilekile, urefu wa sentimita 12 na wembamba wa sentimita moja, mbili kifuani na mbili pale sketi inapoanza, uzifunge ubavuni kidogo. Shingoni hapana kamba hata moja. Kila kamba ivute kwa nguvu zako zote. Ikikubali kutoka, afadhali itoke kwako.

Kofia ni dakika ishirini. Kipande cha 43 kiunganishe kiwe bomba, kunga chini sentimita 2, juu pitisha uzi mara mbili kwa mkono, vuta mpaka pazibe, funga fundo, na ufunike fundo kwa kiduara cha kitambaa. Inamfaa hasa mtoto akishanyolewa, kichwa kiko wazi na watu wanatoka naye nje juani. Akiwa ndani mvue, kichwani ndiko anakotolea joto. Kamba za kufunga kidevuni hapana, nimeshasema.

Kwa wa kiume, wengi watataka kanzu, na hiyo ina mambo yake. Ila sehemu ya juu ni hiihii. Badala ya kuvuta marinda, kata sketi nyembamba ilingane na kifua.

Ukimaliza, pindua nguo ndani nje, uende karibu na dirisha. Tafuta uzi uliolegea, hasa ndani ya mikono. Uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mtoto unabana damu, kidole kinavimba, na yeye hawezi kusema. Kata yote karibu na mshono. Kisha hesabu pini. Mimi hutoa kumi kwenye kikopo kabla ya kuanza na silali mpaka zirudi kumi. Fua tena, anika juani, piga pasi, weka kwenye mfuko msafi mpaka siku yenyewe.

Pale chini kwenye kanga umebakiwa na kipande kirefu chenye pindo na jina zima. Kikunge pande zilizokatwa, mama akiweke begani wakati anamcheulisha mtoto. Jina kaligeuzie mgongoni kwake, wasome waliokaa mkekani nyuma yake.