Hesabu Kura Mara Mbili
Wahadhiri wenzangu mnaofundisha madarasa makubwa hapa Dar es Salaam, msingoje dodoso za mwisho wa muhula ndipo mjue kama mlieleweka, kwani wakati huo wanafunzi wale wameshawapita. Katikati ya mhadhara uliza swali moja la dhana lenye majibu manne, kisha kila mwanafunzi ainue karatasi yenye herufi aliyoichagua bila kumtazama jirani. Waliopata jibu sahihi wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, waache wajadiliane wawili wawili kwa dakika tatu, halafu wapige kura upya. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kuitumia njia hii mwaka 1991.

Ninalolisisitiza mno ni kuandika daftarini idadi ya waliopata katika kura zote mbili, tarehe na swali lenyewe, maana baada ya mihula miwili utakuwa na data halisi za kuchunguza ufundishaji wako (ukikusudia kuzichapisha, omba kwanza kibali cha maadili ya utafiti). Andika pia unayoyasikia ukipita kati ya madawati. Mwanafunzi wangu mmoja alimwambia mwenzake, "Unachanganya kasi na mchapuko," yaani kiwango cha kubadilika kwa kasi, na tangu siku ile mada hiyo naianza kwa namna mpya kabisa.