Kuunganisha Active Directory na Excel ili chati ijisomee yenyewe

Natunza akaunti za kompyuta za wafanyakazi hapa Mbeya, na matawi yetu yanafika Tukuyu, Njombe, Iringa hadi Tunduma. Uhamisho haukomi. Mtu anapelekwa Makambako, akaunti yake bado inasoma Uyole. Mwingine anastaafu, yake inabaki wazi. Akaunti isiyo na mwenyewe ni mlango usio na mlinzi, na orodha ya kunakili kila mwisho wa mwezi haitaiona kwa wakati. Iunganishe Excel moja kwa moja na Active Directory, yaani hazina ya Windows Server inayotunza akaunti hizi.

Tumia kompyuta ya Windows iliyo ndani ya domeini ya ofisi, yaani kundi la kompyuta na akaunti linalosimamiwa na Active Directory hiyo. Kwenye Excel nenda "Data", "Get Data", "From Other Sources", kisha "From Active Directory". Andika jina la domeini na ukubali utambulisho ulioingilia. Akaunti ya msimamizi haihitajiki. Kwa mipangilio ya kawaida mtumiaji yeyote wa domeini anaweza kusoma taarifa hizi. Chagua "user", halafu "Transform Data".

Hapa ndipo penye kazi. Utakuta safu zimejaa neno "Record". Bonyeza vishale viwili kwenye kichwa cha safu, ondoa tiki ya kutanguliza jina la safu, utoe unachohitaji tu: sAMAccountName (jina la kuingilia) ndani ya securityPrincipal, physicalDeliveryOfficeName (ofisi) ndani ya organizationalPerson, whenCreated (tarehe akaunti ilipofunguliwa) ndani ya top, na ndani ya user toa userAccountControl (hali ya akaunti) na lastLogonTimestamp (mara ya mwisho kuingia). Majina yanayoishia na $ ni ya kompyuta, yaondoe kwa kuchuja.

userAccountControl huwachanganya wengi. 512 ni akaunti ya kawaida iliyo wazi, 514 imefungwa. Lakini ipo pia 66048, iliyo wazi na nywila yake haiishi muda, na 66050, ambayo ni hiyohiyo ikiwa imefungwa. Usikariri namba. Ongeza safu mpya yenye fomula hii:

Number.BitwiseAnd([userAccountControl], 2) = 2

Ikijibu TRUE, akaunti imefungwa, namba iwe yoyote ile.

Kuwa na subira na lastLogonTimestamp. Haiandikwi upya kila mtu anapoingia. Kwa kawaida husogezwa pale ya zamani inapokuwa imepitisha kati ya siku 9 na 14. Kwa hiyo kimya cha wiki moja si ushahidi wa lolote. Mimi naweka mpaka wa siku 90 za kimya. lastLogonTimestamp ikiwa tupu, tazama whenCreated kabla hujafunga: huenda ni mwajiriwa mpya ambaye hajapewa kompyuta.

Pakia jedwali, tengeneza PivotTable (jedwali la muhtasari la Excel) na chati ya nguzo kwa kila ofisi. Kisha fungua sifa za muunganisho: weka tiki ya kusoma upya faili linapofunguliwa, na uondoe ya "Enable background refresh". Hiyo ya pili usiipuuze. Ikibaki, PivotTable inaweza kujisasisha kabla data mpya haijafika, na chati ikaonyesha hali ya jana.

Faili lina majina ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu sisi tunaolishika. Wakuu wa matawi nawatumia picha ya chati. Faili lenyewe halitoki kwenye seva.